Kukuza osteoklasti maabara: usinionyeshe rangi, nionyeshe shimo

Hii naandika kwa wale mnaoanza masters au PhD ya mambo ya mifupa, na mafundi maabara ambao supavaiza kawaambia tu "kuza osteoklasti" alafu akaondoka zake. Kwa ambaye hajawahi kuzisikia, osteoklasti ni zile seli zinazokula mfupa. Mfupa hautulii jamani, kila siku kuna sehemu inaliwa na sehemu inajengwa upya, anayekula ni osteoklasti, anayejenga ni osteoblasti, na humo ndani kabisa wamejichimbia osteosaiti ambao ndo wengi kuliko wote, zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa ni wao, na amri nyingi za nani ale na nani ajenge zinatoka kwao. Mlaji akimzidi mjenzi unapata osteoporosisi, bibi anateleza bafuni nyonga inavunjika. Mlaji akigoma kula nayo ni balaa lingine, ntalieleza.

Ukifuata mwongozo huu mpaka mwisho utakuwa na kipande cha mfupa chenye mashimo yaliyochimbwa na seli zako mwenyewe, na namba ya eneo lililochimbwa. Nasema mapema kabisa kwa sababu tisisi nyingi ninazopewa nizipitie zinaishia kwenye picha nyekundu, mtu kapaka rangi ya TRAP (kimeng'enya cha osteoklasti, rangi yake inazifanya nyekundu), kahesabu seli nyekundu, kachora grafu, kaandika kwamba dawa yake inazuia mfupa kuliwa. Mfupa gani ndugu yangu? Hakukuwa na mfupa kwenye jaribio lako, kulikuwa na plastiki.

Kwa nini nang'ang'ania shimo. Kuna ugonjwa unaitwa osteopetrosisi, mtoto anazaliwa mifupa yake haiwezi kuliwa, inajaa, inaziba nafasi ya uboho, damu inapungua, matundu ya mishipa ya macho yanabanwa mtoto anapofuka, na bado hiyo mifupa mizito inavunjika. Karibu nusu ya wagonjwa wa ile aina kali ya kurithi hitilafu yao iko kwenye jeni ya TCIRG1, ambayo ni sehemu ya pampu ya asidi ya osteoklasti. Sasa ukichukua kipande cha mfupa cha mtoto wa namna hiyo ukakipaka TRAP, osteoklasti zipo, tena tele, kubwa, zina viini vingi, zinang'aa nyekundu vizuri kabisa. Hazichimbi tu. Kwa hiyo kama kipimo chako ni wekundu peke yake, mtoto huyu ungemwandikia mzima.

Na hapo hapo kwenye osteopetrosisi ndo tulipopata ushahidi mzuri wa kwa nini leo tunaweza kukuza hizi seli kutoka kwenye damu. Mwaka 1980 Coccia na wenzake kule Marekani waliripoti mtoto wa kike mwenye ugonjwa huu aliyepewa uboho wa kaka yake. Mifupa ikaanza kuliwa kama kawaida, na walipoangalia osteoklasti za yule binti wakakuta zina kromosomu Y. Zimetoka kwa kaka. Yaani osteoklasti ni mtoto wa uboho, ndugu wa makrofeji (zile seli za kinga zinazomeza uchafu), haizaliwi na seli za mfupa wenyewe. Osteoblasti yeye ana ukoo mwingine kabisa. Hii ukiielewa, kazi yote iliyobaki inaeleweka, maana unachofanya maabara ni kuchukua monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, na kuzidanganya kwamba zimefika kwenye mfupa.

Swali kabla ya pipeti

Usianze kununua vitu. Kaa chini uandike kwa sentensi moja unataka kujua seli IPI inafanya nini. Mfano wa karibu na sisi: watu wa Arusha na Meru, maeneo ya Maji ya Chai, Ngurdoto, Ngare Nanyuki, maji yana floraidi nyingi, meno yanakuwa kahawia na wengine mifupa inapinda na viungo kukakamaa. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, huko kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali sana. (Na cha kuchekesha, pale kituo cha Ngurdoto njia mojawapo ya kuchuja hiyo floraidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa unaiokoa mifupa.) Sasa mwanafunzi akija kuniambia "nataka kuona floraidi inafanya nini kwa osteoklasti" namuuliza kwanza, una uhakika mlengwa ni osteoklasti? Maana floraidi inajulikana sana kwa kumchochea mjenzi. Iliwahi hata kujaribiwa kama dawa ya osteoporosisi, Riggs na wenzake wa Mayo Clinic walitoa matokeo mwaka 1990, kina mama 202, nusu wakipewa floraidi kwa miaka minne, na msongamano wa mfupa wa kiunoni ulipanda asilimia 35, ukiangalia kipimo unashangilia. Lakini mivunjiko ya uti wa mgongo haikupungua kwa maana, na mivunjiko ya sehemu nyingine za mwili ikaongezeka. Mfupa mwingi lakini mbovu. Kwa hiyo kama swali lako ni floraidi utahitaji osteoblasti na osteoklasti zote mbili, na kama una pesa ya kimoja tu, afadhali uanze na osteoblasti.

Maswali mengine ambayo kwetu yana maana: dawa za ARV zenye tenofovir ambazo zinajulikana kushusha msongamano wa mifupa, siko seli na mifupa yake, na mitishamba. Mitishamba ndo imejaa, kila mtu ana mzizi wa bibi yake, sina ubaya nayo ila ina mitego yake ntaisema.

Vibali na damu

Hapa nitapita haraka. Damu ya mtu ni ya mtu, kwa hiyo kibali cha maadili kwanza, Tanzania kuna kamati ya chuo chako na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Kenya kuna kamati ya chuo au hospitali na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Karatasi ya ridhaa iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anza mapema, miezi inaenda. Na kama hujachanja homa ya ini B usiguse damu ya mtu, chanja kwanza, na kila chupa ya damu ichukulie ina maambukizi hata kama ni ya rafiki yako wa hosteli.

Mfupa wa kuchimbwa

Anza na hili kabla ya seli, kwa sababu linachukua muda na watu hulisahau mpaka seli zishaiva. Ulaya maabara nyingi zinatumia dentini, yaani pembe ya ndovu, na kule Uingereza walikuwa wanaipata kutoka forodha, zile zilizokamatwa kwa magendo. Yaani ndovu pengine wa kwetu huku kaishia chini ya hadubini London akiwa vipande vya milimita sita. Dentini ni nzuri maana ni laini haina mishipa ya ndani wala matundu ya osteosaiti ya kukuchanganya. Lakini wewe huwezi kwenda kutafuta pembe, utafungwa, na ni haki yako ufungwe.

Nenda buchani. Mfupa wa paja la ng'ombe, ile sehemu ya katikati iliyonyooka na ngumu, mwambie akukatie kipande bila kukipasua kwa shoka maana shoka linaacha nyufa. Kwangua nyama yote na mafuta, ondoa uboho. Usichemshe, kuchemsha kunaharibu kolajeni, ile protini ya mfupa, na seli zako zitachimba mfupa ambao sio mfupa. Kata kwa msumeno wa almasi wa mwendo mdogo, ule wa idara ya jiolojia au wa watu wa meno, waombe kwa heshima watakupa, upate vipande vya unene wa milimita 0.2 hadi 0.4, alafu utoe vidude vya duara vya milimita 6 kwa pancha au uvikate miraba midogo inayoingia kwenye kisima cha pleti ya visima 96. Weka kwenye maji safi ndani ya soniketa (mashine inayosafisha kwa mawimbi ya sauti), badilisha maji mpaka yasiwe na ukungu tena, loweka etanoli asilimia 70 usiku kucha, kausha ndani ya kabati la usalama, alafu osha mara kadhaa kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) na mwisho loweka kwenye midia, yaani maji ya lishe ya seli, usiku mmoja kabla ya kutumia. Kila kimoja kiandike alama ya penseli upande wa chini ili ujue upande upi ulikuwa juu. Hili la penseli linaonekana dogo sana mpaka siku unatoa vipande 40 kwenye maji na hujui upande upi ulikuwa na seli.

Kutoa monosaiti

Damu mpya, isiyokaa zaidi ya saa chache, kwenye chupa zenye EDTA au heparini ili isigande. Ichanganye na PBS nusu kwa nusu, imwage polepole juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganishia seli) ya densiti 1.077, polepole kwa maana ya polepole, pipeti ikiegemea ukuta wa tyubu. Sentrifuji 400 g dakika 30 joto la chumba, BREKI IZIMWE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwanafunzi mpya anasahau, breki ikishika tabaka zinachanganyika na damu ya mtu imeenda bure. Utaona pete nyeupe katikati, hiyo ndo unaivuta.

Hesabu yake iko hivi, mililita moja ya damu inakupa seli za pete hiyo kama milioni 1 hadi 2, na monosaiti humo ndani ni asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo damu mililita 20 tegemea monosaiti milioni chache tu baada ya zile zitakazopotea njiani, na kila kisima kinataka kama laki moja. Piga hesabu ya visima vyako KABLA hujamchoma mtu sindano.

Ukiwa na uwezo safisha kwa sumaku yenye kingamwili za CD14, alama iliyo juu ya monosaiti, unabaki na monosaiti tupu. Usipokuwa nazo, panda zote, zisubiri saa chache zishike chini, alafu osha zile zinazoelea. Utabaki na limfosaiti kidogo na hizo zina tabia ya kutoa saitokini (kemikali za kuamrisha seli nyingine) zake na kukuvurugia, na wachangiaji damu watatofautiana sana. Inafanya kazi, ila ukiandika ripoti sema wazi ulitumia njia gani.

Na pandikiza seli pale pale zitakapofia. Osteoklasti iliyokomaa inang'ang'ania chini vibaya sana, ukiileta tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, utaichana, kwa hiyo usiwe na mpango wa kuzikuza kwenye plastiki alafu kuzihamisha kwenye mfupa ukiwa mwanzoni. Monosaiti ziwekwe moja kwa moja juu ya kipande cha mfupa, zikishashika hamisha kipande kwenye kisima kipya ili zile zilizodondokea plastiki zibaki nyuma. Pembeni andaa visima vya plastiki tupu kwa ajili ya TRAP. Zote za mtu mmoja, siku moja.

Kulisha

Midia ni alpha MEM yenye seramu ya ndama asilimia 10. Siku mbili tatu za mwanzo weka M-CSF peke yake, nanogramu 25 kwa mililita, hii inazifanya ziishi na zijiandae kupokea amri. Kisha ongeza RANKL, nanogramu 50 kwa mililita watu wengi wanatumia hapo katikati, na M-CSF iendelee. RANKL ndo amri yenyewe ya "kuwa mlaji", mwilini inatolewa na osteosaiti na osteoblasti, na kuna nyingine inaitwa OPG inayoinasa RANKL kabla haijafika, mwili unazipima hizo mbili. Dawa ya denosumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 inafanya kazi hiyo hiyo ya OPG, inainasa RANKL. Kwa hiyo unachokifanya kwenye kisima ni kinyume cha dawa hiyo.

Badilisha nusu ya midia kila baada ya siku mbili au tatu. Nusu, usimwage yote. Kuanzia siku ya 7 hivi utaanza kuona seli zinaungana, siku ya 8 mpaka ya 10 zinakuwa kubwa zenye viini vingi, kwenye mfupa wape mpaka siku ya 12 au 14. Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayakwambii: zikishaungana sana zinakufa haraka, leo jioni unaziona zimetanuka pleti nzima unafurahi, kesho asubuhi ni mabaki. Kuanzia siku ya 7 ziangalie asubuhi na jioni hata kama ni Jumapili, hata kama kuna harusi.

Sasa umeme. RANKL ni ghali, ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye jaribio hili, igawe kwenye vijichupa vidogo vya matumizi ya mara moja siku ile ile inapofika, iweke nyuzi 80 chini ya sifuri, usigandishe na kuyeyusha tena. Inkyubeta iwe na UPS na ujue kabisa jenereta ya jengo inawaka baada ya muda gani. Mtungi wa gesi ya CO2 uwe na wa akiba. Visima vya pembeni kabisa vya pleti vijaze PBS tu, usiweke seli, vinakauka haraka kuliko vya katikati na vitakupa tofauti ambayo utadhani ni dawa.

Asidi

Mtu anakuza vizuri, seli nzuri, mfupa mzuri, mashimo hakuna. Mara nyingi tatizo ni pH. Osteoklasti inajibana juu ya mfupa kama bakuli lililofunikwa, ukingo wake ni pete ya protini ya aktini, na humo chini inamwaga asidi mpaka pH inashuka kwenye 4.5 hivi ili madini yayeyuke, kisha inatoa kimeng'enya cha kathepsini K kumalizia kolajeni. Lakini ili ianze kufanya kazi yote hiyo inataka mazingira ya nje nayo yawe na uasidi kidogo. Tim Arnett wa London ndo kalifanyia kazi hili miaka mingi: kwenye pH 7.4 karibu hazichimbi, ukishuka kwenye 7.0 zinachimba kwa nguvu. Midia yako ndani ya inkyubeta ya CO2 asilimia 5 iko kwenye 7.4. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwisho ongeza asidi ya HCl kidogo sana ufike karibu na 7.0, na uipime kwa mashine ya gesi za damu, hospitali yenye ICU wanayo, usitegemee rangi ya midia kwa macho. Na visima VYOTE viwe na pH moja, kontroli na vyenye dawa, maana mzizi wa bibi wenyewe unaweza kuwa na uasidi wake na ukaongeza mashimo kwa sababu hiyo tu.

Kontroli zako

Kila pleti iwe na visima visivyo na RANKL, hivyo visipate osteoklasti wala shimo, vikipata kuna kitu. Iwe na visima vya RANKL bila dawa. Iwe na visima vya kitu kinachojulikana kuzuia, OPG au bisfosfoneti kama zoledroneti. Na visima vya kiyeyusho peke yake, kama dawa imeyeyushwa kwenye DMSO basi DMSO ile ile kiasi kile kile, isipite asilimia 0.1.

Kwa wa mitishamba. La kwanza ni sumu, ukimwaga dondoo kali seli zote zinakufa, osteoklasti hakuna, unaandika "inazuia". Jiki nayo inazuia. Pima uhai wa seli kwenye visima vya M-CSF peke yake kwa kiwango kile kile cha dawa, na utumie tu viwango ambavyo monosaiti zinaishi. La pili watu hawalijui kabisa, endotoksini. Ni mabaki ya kuta za bakteria, mzizi umechimbwa ardhini, umekaushwa juani kwenye turubai, umesagwa kwenye kinu, endotoksini lazima iwemo, na kuchuja kwa chujio la 0.22 haiiondoi maana chujio linazuia bakteria mzima tu. Na ubaya wake inageuka: ukiiweka kabla ya RANKL inazuia osteoklasti zisitokee, ukiiweka baada ya seli kuonja RANKL inazichochea. Yaani dondoo moja linaweza kukupa majibu mawili kinyume kabisa kutegemea uliweka siku gani na mmea wala haujahusika. Pima kwa LAL, ambacho ni kipimo cha endotoksini, au weka visima vyenye polimiksini B inayoinasa endotoksini uone kama athari inapotea. Ikipotea, ulikuwa unapima uchafu.

Kusoma matokeo

Visima vya plastiki: fiksi kwa paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 10 tu, ukipitiliza kimeng'enya cha TRAP kinakufa na rangi haishiki. Paka, nyuzi 37, angalia kila baada ya dakika kumi. Hesabu seli nyekundu zenye viini vitatu au zaidi, zile ndogo zenye kiini kimoja usizihesabu hata kama ni nyekundu, makrofeji nazo hushika rangi hiyo. Hii ni namba yako ya kwanza, inakwambia seli ngapi zilizaliwa. Basi.

Vipande vya mfupa: navyo vipake TRAP kwanza uhesabu osteoklasti zilizo juu yake, kisha futa seli kwa pamba yenye maji, soniketa dakika chache, alafu toluidini bluu asilimia 1 dakika mbili tatu, suuza, kausha, piga picha kwa mwanga wa juu. Mashimo yanatoka bluu iliyokolea. Pima eneo la mashimo kwa ImageJ, programu ya kupima picha, ni ya bure, na anayepima asijue kipande kipi ni cha dawa, mpe mwenzako afunike majina. Kuwa makini na nyufa za msumeno na matundu ya mishipa, mfupa wa ng'ombe unayo, ndo maana lazima uwe na vipande ambavyo havikupandwa seli kabisa ulivyovipaka rangi hivyo hivyo. Ukiwa na bajeti pima na CTX kwenye midia, ni kipande cha kolajeni kinachotoka mfupa ukiliwa, hicho kinaondoa ubishi wa macho.

Sasa gawanya, eneo la mashimo kwa idadi ya osteoklasti zilizokuwa juu ya mfupa. Hapo ndo utamu ulipo. Dawa ikipunguza seli na mashimo kwa kiwango kimoja, imezuia kuzaliwa. Seli zikibaki zile zile mashimo yakapungua, imezuia kazi. Kuna dawa ilitengenezwa na Merck, odanacatib, ilikuwa inazuia kathepsini K, seli zinaishi zinabaki nyekundu kabisa ila haziwezi kumeng'enya kolajeni, zinaacha vishimo vifupi vya juu juu. Kwa kuhesabu wekundu usingeiona. Kwenye majaribio ya watu ilipunguza mivunjiko kweli, wakaiacha mwaka 2016 kwa sababu ya hatari ya kiharusi, kwa hiyo na wewe ukipata shimo limepungua usikimbilie kuandika kwamba umepata dawa, kisima hakina ubongo wala moyo.

Na kisima hakina muda mrefu pia. Watu wanaoacha denosumab ghafla mfupa unaliwa kwa kasi na wengine wanavunjika pingili za mgongo kadhaa kwa mpigo. Mwaka 2021 Michelle McDonald na wenzake wa Garvan, Sydney, walionyesha kwa panya kwamba osteoklasti hazifi zote kama tulivyodhani, zinajigawa kuwa seli ndogo, zinakaa zikisubiri, kisha zinaungana tena. Kwa hiyo kama pleti zimebaki, jaribu kuitoa dawa yako siku ya 9 uone mashimo yanarudi kwa kasi gani. Karibu hakuna anayefanya hili na ni jaribio la bei ndogo.

Takwimu: n yako, yaani ukubwa wa sampuli, ni idadi ya watu waliotoa damu. Visima sita vya mtu mmoja ni mtu mmoja, wastani wa hivyo sita ndo namba moja. Hapa ndo mabishano na wakaguzi yanapoanzia, na wakaguzi wako sahihi. Monosaiti za mtu na mtu zinatofautiana vibaya mno, mwingine anakupa osteoklasti pleti nzima mwingine hamna kitu kwa midia ile ile, kwa hiyo linganisha dawa na kontroli ndani ya mtu huyo huyo.

Kama hela hamna

RAW264.7, seli za panya, zinataka RANKL tu bila M-CSF, siku 4 hadi 6 una osteoklasti. Zikwangue, usitumie tripsini, na ukishazipitisha mara nyingi tupa uyeyushe mpya maana zinapoteza uwezo bila kukuaga. Ni nzuri kwa kujifunzia mkono na kuchuja dawa nyingi haraka. Ukiamua kukuza kutoka uboho wa panya, M-CSF unaweza kuitoa kwenye midia iliyokaliwa na seli za L929, nazo ni za panya, unaokoa hela nyingi, ila usijaribu hiyo kwa monosaiti za mtu, M-CSF ya panya haizungumzi na seli za binadamu, ya binadamu ndo inazungumza na zote mbili.

Vipande vya mfupa ukishavipima usivitupe. Vikaushe, vipange kwenye boksi kwa jina la jaribio na tarehe, mkaguzi akikuuliza baada ya mwaka kina cha mashimo kilikuwaje utavitoa uvipeleke kwenye hadubini ya elektroni ya jirani, na picha halisi zisizokatwa ziweke kwenye diski mbili tofauti.